Aliyoyasema Mtani Msibani

Chemchem, Tabora
14 Mei 2023

Mwanangu Majidi,

Marahaba, maana najua ungekuwa hapa ungeniamkia kabla hujavua viatu. Sisi huku wazima, ukiondoa goti langu la kushoto na masikio. Masikio ndiyo yameniaga kabisa. Nikiweka simu sikioni nasikia kama mtu anakaanga karanga. Kwa hiyo ukipiga nisipopokea usinune, andika. Mpe kondakta wa basi la asubuhi, Bernadeta anapita stendi kila siku akienda sokoni, atanichukulia. Na usiniletee habari za meseji. Meseji ni za kuombea vocha.

Bi Najiat, shangazi yangu mimi na bibi yako wewe, anakusalimu. Macho yamekwisha lakini ulimi uko palepale, jana kaniambia nimempikia mlenda wa hospitali. Mkeo Maua msalimie sana, mwambie ule mchele wa Igunga aliotuletea umetufanya tuuone wa dukani kwetu kama chakula cha kuku.

Sasa nisikilize. Jumatatu nilipita uwanja wa babu yako. Majidi, taka zimefika kiunoni! Mbuzi wamezaliana mle. Kati ya nguzo mbili za pete imebaki moja, imepinda, na mtu ameifungia kamba ya kuanikia nguo. Nilikaa juu ya tofali nikalia, mimi mtu mzima niliyestaafu. Miaka ishirini na sita nimefundisha netiboli pale. Bernadeta alikuwa senta wangu wa kwanza, leo ana wajukuu. Nimeamua tuusafishe, tuusawazishe, watoto wa kike wa mtaa wacheze tena badala ya kushinda vibarazani.

Ila nataka kitu kimoja kwako. Unajua babu yako Mabruki alisimama baada ya swala ya Ijumaa akasema, kiwanja changu kile nakitoa wakfu, watoto wa Chemchem wacheze. Watu wakaitikia, basi. Nani angemwomba karatasi mtu aliyesema neno msikitini? Ingekuwa kumtukana. Hati ikabaki kwa jina lake, na sisi wenyewe tulipokuchagua uwe msimamizi wa mirathi tulikukabidhi wewe. Niandikie basi mistari michache ya ridhaa, nimwonyeshe Kashindye, mwenyekiti wetu wa mtaa, asije mtu akatuuliza tumeingia mle kwa ruhusa ya nani.

Shangazi yako,
Zuwena


Igunga
2 Juni 2023

Shangazi yangu,

Shikamoo. Shikamoo na kwa Bi Najiat. Barua yako niliisoma mara mbili, mara ya pili nikamsomea Maua, akacheka ile ya mlenda mpaka mtoto akaamka. Sisi wazima. Mpunga umevunwa vizuri mwaka huu, malori yanapanga foleni mpaka barabara ya Mwanza, nami nahangaika na magunia kuanzia alfajiri. Biashara ya mtu mdogo ndiyo hiyo, wenye maghala wanapanga bei na sisi tunasema ndiyo.

Kuhusu uwanja umenigusa, shangazi. Mistari uliyoitaka ni hii, mwonyeshe mwenyekiti:

Mimi Majidi Adinani Mabruki, msimamizi wa mirathi ya marehemu Mabruki, nathibitisha kwamba kiwanja cha Chemchem marehemu alikitoa wakfu kwa michezo ya watoto. Si mali ya kurithiwa wala ya kugawanywa. Sisi wajukuu tumebakiwa na jina lake tu.

Nimetia sahihi chini. Kama kuna la kusaidia niambie. Nikipata nafasi nitakuja kushika reki mwenyewe, ingawa najua utanicheka nikitoka malengelenge.

Mwanao,
Majidi


Chemchem
20 Agosti 2023

Mwanangu Majidi,

Salamu zako zimefika na moyo umepoa. Bi Najiat kasema umeandika kama babu yako fundi cherehani alivyokuwa akikata kitambaa, bila kubabaika. Nilimwonyesha Kashindye ile barua, akaisoma, akanirudishia akasema, Mwalimu, itunze hii. Nimeiweka ndani ya msahafu.

Ungeona watu! Siku ya kwanza tulikuja wanawake kumi na moja na toroli mbili. Jumamosi ya pili wakaja mpaka wa mtaa wa Cheyo. Bernadeta kajifunga kanga kiunoni anaamrisha wanaume kama mnyapara. Tumetoa magodoro, vyupa, sahani za harusi, na gari bovu lisilo na hata usukani, ambalo mpaka leo hakuna anayekubali kuwa ni lake. Greda tulipata nusu siku bila malipo, maana dereva wake nilimfundisha darasa la tano na bado ananiogopa. Kona ya magharibi ilikuwa inatuama maji, tumechimba mtaro mpaka barabarani. Udongo wa moramu tumemwaga na kushindilia. Majidi, ukisimama katikati sasa hivi ni tambarare, ukiweka mpira hautembei.

Khushbu, mke wa Murtaza mwenye duka la vifaa, kaleta rangi na seng'enge. Akaniuliza kwa aibu kama binti yake anaweza kuja kucheza. Nikamwambia mama, uwanja wa watoto unauombea nini? Mtoto wa nani si mtoto? Kaja, ana mkono mzuri wa kufunga.

Tumebakiza nguzo za pete na mlango. Ufunguzi ni Oktoba. Uje, na safari hii nisisikie habari za magunia.

Shangazi yako,
Zuwena


Igunga
11 Septemba 2023

Shangazi,

Shikamoo. Poleni na kazi. Sisi hatujambo.

Nimefurahi sana. Nimewaza mambo matatu. La kwanza, mlango niachieni mimi. Nimechomelesha geti la chuma, mita tano, mbavu mbili, linakuja na lori wiki ijayo. Zawadi yangu kwa uwanja. La pili, kile kipande cha kati ya uwanja na barabara kisawazisheni pia na kukishindilia vizuri, gari liweze kuingia hata wakati wa mvua. Gari la wagonjwa, kwa mfano. La tatu, nguzo za pete msizimwagie zege. Viwanja vya kisasa nguzo zinahamishika.

Kuja Oktoba sidhani. Nimepata shughuli mpya na wakubwa fulani wa mpunga, nitakueleza mambo yakikaa sawa. Ombea tu.

Niambie kiwanja kina urefu gani na upana gani kamili baada ya kusawazishwa. Napenda tu kujua.

Majidi


Chemchem
30 Oktoba 2023

Mwanangu,

Nimekaa siku nyingi bila kuandika, na utaelewa kwa nini. Telegramu zimekwisha lakini habari za msiba zinafika, Maua najua alikwambia. Bi Najiat ametutoka tarehe kumi na tisa, Alhamisi, akiwa amekaa kitandani ananitukana kwa sababu ya chai. Hakuteseka. Tulikungoja mpaka alasiri kwa kuwa Maua alisema umeshapanda gari. Halafu tukazika. Sikulaumu, barabara ni barabara. Lakini nilikuwa nageuka kila pikipiki inaposimama.

Nianze na furaha kwanza, maana ilitangulia. Ufunguzi ulikuwa tarehe kumi na nne. Geti lako lilining'inizwa siku mbili kabla, limepakwa buluu. Watu wakauliza, Mwalimu, sisi tunaingia kwa miguu, hili geti ni la tembo? Nikawajibu kwa kiburi, mwanangu hafanyi vitu vidogo. Na nguzo, samahani, tumezimwagia zege. Bernadeta alikataa nguzo za kuhamahama, alisema mfungaji lazima ajue pete iko wapi. Tulicheza sisi wazee robo saa. Goti likanisuta, lakini nilifunga, Majidi! Nilifunga mara mbili na umati ukanipigia vigelegele, hata mimi na masikio yangu haya nilivisikia.

Sasa nikuchekeshe kidogo, maana hata msiba una vicheko vyake. Unamkumbuka Eliya, yule Mgogo tarishi wa ofisi ya ardhi? Mtani wetu, bwana. Babu zetu wakipita Ugogo na pembe za ndovu mabegani, babu zake wakiwadai hongo hata ya maji ya kunywa, na mpaka leo hajaacha kudai. Siku ya pili ya tanga akaingia amevaa koti la suti na miwani ya jua, mkononi kamba ya kupimia. Akaanza kupima mkeka tuliokalia. Mimi ni Majidi wa Igunga! anasema. Ondokeni hapa, uwanja nimeshauuza, naleta ghala la mpunga! Huyu marehemu wenu mngemleta nimzike chini ya magunia, asingelipa ushuru! Akachomoa karatasi mfukoni akajifanya anatia sahihi mgongoni kwa Kashindye. Wallahi watu walivunjika mbavu. Mimi mwenyewe nilicheka mpaka machozi ya msiba yakachanganyika na ya kicheko. Nilimtupia noti nikamwambia toka hapa Mgogo mla njaa. Cha ajabu hakuiokota. Alinitazama, akarudia tena palepale kwangu, uwanja nimeshauuza, Mwalimu, nimeshauuza. Tukacheka zaidi.

Andika upesi. Nyumba imekuwa kubwa.

Shangazi yako,
Zuwena


Igunga
17 Desemba 2023

Shangazi,

Shikamoo. Innalillahi kwa Bi Najiat, Mungu amlaze pema. Niliondoka kweli, gari likaharibika Nzega, nikarudi.

Huyo Eliya ana adabu gani? Utani una mipaka yake. Mtu mzima, mtumishi wa ofisi, anakuja kutaja majina ya watu mbele ya umati na kusema maneno ya kazini kwake. Nani alimtuma? Kuna nani mwingine aliyekuwepo? Mwenyekiti alisema nini? Nakuomba usiyarudie maneno hayo kwa mtu, yanaweza kuniharibia.

Na ile zege haikuwa lazima.

M.


Chemchem
9 Januari 2024

Majidi,

Maneno ya kazini kwake. Nimekisoma kipande hicho mara kumi. Mtani akisema upuuzi, mtu husema ni upuuzi. Wewe umesema ni maneno ya kazini kwake.

Hata hivyo nilikutetea. Wiki tatu nilikutetea moyoni, usiku na mchana, nikijiambia mwanangu kaudhika tu, kafiwa. Ijumaa iliyopita Bernadeta kaja anahema. Tukaenda. Vijana wanne na lori, wamepita geti lile la buluu bila kugusa ubavu huu wala ule. Lilipita kama kidole kwenye pete. Wamepanda bikoni za mipaka kwenye kona zote nne na mmoja alikuwa anaigonga nguzo yetu kwa nyundo, analalamika nani kamwaga zege. Nikamuuliza, kwa ruhusa ya nani? Akanionyesha karatasi. Masikio yangu mabovu, Majidi, macho bado mazima. Sahihi yako naijua. Tarehe ya sahihi ni tarehe thelathini na moja Agosti. Siku kumi na moja baadaye ndiyo uliniandikia kwamba umenipa geti zawadi.

Nilikwenda kwa Eliya nikamkuta anakula. Nikamwambia, ulijua. Akaweka tonge chini. Akasema, Mwalimu, karatasi ilipita mikononi mwangu, ningeitoa ofisini ningefukuzwa kazi na watoto wangu wangekula nini? Nikatafuta njia ya kukwambia bila kusema. Nilikwambia msibani mbele ya watu mia. Nilikwambia mara mbili. Ukanitupia noti.

Nilirudi nyumbani kwa miguu na mvua ikininyeshea.

Sisi wanawake tulifukua taka za watu kwa mikono. Tulisawazisha, tukachimba mtaro, tukashindilia kile kipande cha barabarani kwa ajili ya gari la wagonjwa. Kumbe tulikuwa vibarua wako. Nilikupa mpaka vipimo, nikampa dereva aliyeleta geti! Nilishika futi mimi mwenyewe, Bernadeta kashika ncha ya pili, tunacheka, nikasema mwanangu anapenda kujua.

Niandikie. Sitaki salamu. Niandikie kwamba sikuona vizuri.

Zuwena


Igunga
4 Machi 2024

Shangazi,

Shikamoo, hata kama hukuitaka.

Nimechelewa kwa sababu kila nikianza nachana. Sikuuza. Naomba hilo ulielewe. Nimeingia ubia. Kampuni inajenga ghala, mimi ndiye msimamizi wake Tabora, na jina la Mabruki litabaki kwenye hati. Nina miaka thelathini na nane, nimebeba magunia ya watu tangu nina kumi na tisa. Mara moja tu katika maisha yangu wakubwa wameniita mezani wakanivutia kiti, wakaniuliza mimi nina nini. Nilikuwa na nini, shangazi? Nilikuwa na kile kiwanja. Nilipokuandikia Juni nilikuwa nasema kweli. Agosti walikuja. Ndivyo ilivyokuwa, sikupanga.

Nilikusudia kukwambia. Kwenye msiba nilifika, si Nzega, nilifika mpaka stendi ya Tabora. Nikakaa kwenye benchi. Nikaona siwezi kuingia nyumbani kwako na jambo hili mdomoni, nikapanda gari la kurudi.

Na kwa kuwa tunasema yote, nami nina langu. Siku ya jando langu hukuwepo. Baba na mama walishakufa, wewe ndiye uliyekuwa baba na mama, watoto wenzangu walitoka wakapokelewa na mama zao kwa ngoma na kanga. Mimi nilipokelewa na jirani. Ulikuwa Mwanza na timu. Kila Jumamosi ya utoto wangu nilikula kwa watu kwa sababu wewe uko uwanjani. Watu wanausifu uwanja ule. Mimi nikiuona naona mtu aliyeninyang'anya shangazi yangu. Siwezi kusema sikufurahi hata kidogo nilipotia sahihi.

Sasa ombi. Nimesikia Kashindye anaitisha mkutano. Ile barua yangu ya Juni na hizi nyingine, zichome. Ile ya Juni hasa. Wakiiona kampuni wataniacha, na mahakama inaweza kusema nilijua ni wakfu nikadanganya. Naweza kufungwa, shangazi. Nina mtoto wa miaka mitatu. Ulinilea, ulinifuta kamasi, hutaniacha niaibike kwa ajili ya nguzo mbili za pete. Ramadhani inakuja, tusameheane.

Mwanao,
Majidi


Chemchem
28 Aprili 2024

Majidi,

Ramadhani imepita na Idi imepita. Nimefunga mwezi mzima na kila nilipofungua nilikula peke yangu. Bernadeta, Mkristo wa watu, alikuwa ananiletea uji magharibi na kukaa mlangoni mpaka niumalize. Hiyo ndiyo hali yangu, umeijua.

Nianze na jando, maana umelisema na ni kweli. Sikuwepo. Nilikuwa Mwanza kwenye mashindano, nilirudi siku ya tatu na zawadi ya viatu, ukanigeuzia mgongo ukatazama ukuta. Nilidhani ni maumivu ya kidonda. Sikujua ulilibeba mpaka leo. Kosa hilo ni langu, Majidi, nakuomba radhi bila ya lakini. Ulikuwa mtoto na ulikuwa na haki ya mtu wa kukupokea.

Lakini ungenigombeza. Ungekuja hapa ukapiga meza, ukasema shangazi wewe na netiboli yako mliniua, ningekaa chini nikalia na wewe. Mimi nilipokukosea kila mtu alijua niko wapi, nimekwenda Mwanza, nitarudi Jumatatu. Wewe ulinitumia geti. Ulikaa ukafikiri, hawa wanawake wanafanya kazi bure, acha wanisawazishie. Nikakusifu kwa watu! Hilo ndilo linaloniamsha. Si ghala, si kampuni. Ni vile nilivyosimama mbele ya geti nikisema mwanangu hafanyi vitu vidogo, na watu wananitazama, na pengine wengine walishajua.

Ile barua ya Juni sikuichoma. Sikulala siku tatu, nikaishika mbele ya jiko mara mbili, moto ukiwaka. Nilimfikiria mtoto wako. Halafu nikamfikiria binti wa Khushbu na wenzake kumi na tisa ambao siku ile ya bikoni walisimama nje ya seng'enge na mpira mkononi, hawakuuliza kitu, wakarudi majumbani kama watu waliozoea. Hicho ndicho kilichonishinda, Majidi. Kuzoea kwao.

Mkutano ulikuwa Jumapili iliyopita, palepale uwanjani. Mwakilishi wa kampuni alikuja, mtu mstaarabu. Nilimpa Kashindye barua, akaisoma kwa sauti mpaka pale uliposema si mali ya kurithiwa wala ya kugawanywa. Mwakilishi akaomba aione mwenyewe. Akaniuliza, Mama, huu mwandiko unaufahamu? Nikamjibu nilimfundisha mimi kuandika. Nilimtazama Eliya, nikitamani siku ile aseme upuuzi wowote, akainamisha kichwa. Yule bwana akakunja karatasi zake, akasema waliambiwa ni kiwanja cha familia, mali ya wakfu hawaigusi. Jumatatu bikoni ziliondolewa. Uwanja umebaki wa watoto. Kampuni imesema haitakushtaki, inakuacha tu. Mimi nami sikushtaki. Ila familia imeamua uvuliwe usimamizi, wito wa mahakama utakufikia mwezi ujao. Safari hii wakfu utaandikwa.

Waliosema mchelea mwana kulia hulia yeye walikuwa wananitazama mimi. Nimelia vya kutosha, sasa ni zamu yako.

Maua na mtoto wakija Tabora waje moja kwa moja kwangu, chumba chao kipo. Mtoto hana kosa, na akitaka kucheza atacheza. Wewe ukija, salamu yako nitaiitikia kwa kuwa ni haki ya Mwislamu juu ya Mwislamu, na chakula utakula. Zaidi ya hapo sina.

Jana baada ya adhuhuri nilimfuata imamu kuhusu ile karatasi ya wakfu. Tulipomaliza nikabaki nimekaa, akaniuliza kama kuna jingine. Nikamwambia mimi sikuzaa, na kaka yangu alishatangulia. Mwanamume wa damu yangu wa kunishusha kaburini ni mmoja tu, Majidi. Nikamuuliza kama watu baki wanaweza kunishusha, hata kama yeye amekuja na amesimama pale pale. Nilimtazama midomo ili nisikosee kusikia.

Akasema inajuzu.

Zuwena binti Mabruki